Nguo za Abu al-Mawahib: Habari ya Vazi la Urithi katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Siku moja ya Ijumaa, mwaka 1331, Sultani wa Kilwa alikuwa akitoka msikitini kurudi nyumbani kwake. Njiani alisimamishwa na fakiri mmoja, mtu wa Yemen, aliyemwita kwa lakabu yake, Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Vipawa. Sultani akaitika, akamwuliza haja yake. Fakiri akaomba nguo zile alizozivaa Sultani mwilini. Sultani akakubali, fakiri akataka apewe saa ileile. Basi Sultani akarudi msikitini, akaingia katika nyumba ya khatibu, akavua nguo zake na kuvaa nyingine, akamwambia fakiri aingie azitwae. Yule fakiri akazifunga katika kitambaa, akajitwika kichwani, akaenda zake.

Habari hii twaipata kwa Ibn Battuta, mtu wa Tanja, aliyekuwapo Kilwa siku hiyo. Habari za safari zake ziliandikwa na Ibn Juzayy na kumalizika mwaka 1355. Wengi wametumia kisa hiki kuonyesha ukarimu wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyejenga Husuni Kubwa. Na kweli Ibn Battuta mwenyewe alikileta kwa kusudi hilo. Lakini msomaji akishafika pale fakiri anapoondoka na mzigo wake huelekea kudhani kwamba kisa kimekwisha, hupita haraka maneno yanayofuata, na kwangu mimi maneno hayo ndiyo yenye uzito. Mtoto wa Sultani, naye ndiye aliyekuwa amewekwa kuwa mrithi wake, alizitwaa nguo zile kwa fakiri na kumpa badala yake watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyomshukuru kwa tendo lake, akaamuru fakiri apewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Hili ndilo vazi la urithi la zamani kabisa la pwani yetu ninalolijua katika maandishi. Nalo limetujia pamoja na bei yake. Kwa kawaida vazi la urithi halina bei: wenyewe husema ni la babu, babu alilipata kwa baba yake, basi. Hapa mwandishi ametueleza nani alilivaa, nani alilitoa, nani alilikomboa, na kwa kitu gani. Katika makala haya nakusudia kuifuata bei hiyo, maana naona kwamba historia ya mavazi ya fahari ya Kilwa na Mgao haiwezi kuelezwa kwa kutaja waliovaa tu bila kutaja kilichotolewa.

Kwanza tuulize ni nguo za namna gani. Ibn Battuta hakuzitaja moja moja. Lakini katika safari hiyohiyo alipofika Mogadishu aliletewa mavazi na Sheikh wa mji, na hayo aliyaeleza vizuri: nguo ya hariri ya kufunga kiunoni badala ya suruali, ambayo wenyeji hawakuwa na desturi ya kuivaa, vazi la juu la kitani cha Misri lenye mapambo, juba lenye bitana, la kitambaa cha Kudsi, na kilemba cha Misri. Sheikh mwenyewe alikuwa amevaa juba la kijani la Kudsi juu ya nguo zake. Si kosa kufikiri kwamba Sultani wa Kilwa, mtu wa dini hiyohiyo na bahari hiyohiyo, aliyepokea masharifu kutoka Iraki na Hijazi, alivaa nguo za jinsi hiyo siku ya Ijumaa.

Ila tusimvike joho. Nimesikia mara nyingi masultani wa Kilwa ya kale wakielezwa kuwa walivaa majoho yenye zari, kana kwamba ni Sayyid Barghash tumwonaye katika picha. Neno joho lenyewe latuonya. Asili yake ni neno la Kiarabu la karne za baadaye, jukh, linalohusiana na lile la Kituruki, çuha, na maana yake ni kitambaa kizito cha sufi kilichofumwa na kupigwa mpaka nyuzi zisionekane, ambacho sehemu kubwa yake ilitoka Ulaya. Katika Kiswahili cha zamani vilevile joho lilikuwa kwanza kitambaa, kisha likawa vazi lililoshonwa kwa kitambaa hicho: refu, lenye kufunguka mbele, lililotiwa almaria au zari shingoni na kifuani, livaliwalo juu ya kanzu na kizibao. Bushuti ni ndugu yake, lakini ni jepesi zaidi. Siku hizi jina limesafiri tena: mwanafunzi wa chuo kikuu anayepewa shahada huvaa joho, na jaji pia, wala hapana anayeuliza kama ni la sufi. Lugha hufanya hivyo daima. Huacha kitambaa ikashika heshima.

Wala haikuwa kwamba Kilwa ilikosa nguo. Neville Chittick, aliyechimba magofu ya Kisiwani miaka ya 1960 na kuchapisha kazi yake mwaka 1974, alipata vigae vingi vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, ambavyo ni vyombo vya kusokotea uzi wa pamba. Wareno waliofika mwaka 1505 waliiona pamba ikilimwa kisiwani. Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, alisema juu ya watu wa Kilwa kwamba walivaa nguo nzuri za dhahabu, hariri na pamba. Na juu ya Sofala, ambayo ilikuwa chini ya Kilwa kwa muda mrefu, alieleza jambo la kupendeza sana. Mafundi wa huko hawakujua kutia pamba rangi, kwa hiyo walizifumua nguo za rangi zilizotoka Kambaya, wakachanganya nyuzi zake na uzi wao mweupe na kufuma upya. Mtu anayefumua nguo nzima ili apate uzi wa rangi si mtu aliyekosa nguo. Anatafuta kitu kingine ndani ya nguo.

Kitu hicho ni nini? Tuitazame habari ya mwanzo ya mji. Tarikh ya Kilwa ya Kiarabu, iitwayo Kitab al-Sulwa, ambayo nakala yake Sayyid Barghash alimpa Sir John Kirk, na ambayo Strong aliichapisha mwaka 1895, yasema kwamba Ali bin al-Hasan alipokuja kutoka Shirazi alimkuta mfalme wa kisiwa, asiyekuwa Mwislamu, akakinunua kisiwa kwake kwa nguo za kutosha kukizunguka. João de Barros aliipata habari hiyo na kuiandika katika kitabu chake cha mwaka 1552: kisiwa kilinunuliwa kwa nguo. Miaka mia tatu na hamsini baadaye wazee walimwambia Carl Velten habari ileile kwa Kiswahili, naye akaichapisha mwaka 1907 pamoja na habari za Lindi. Ila humo nguo hazizunguki kisiwa, bali zatandikwa njiani kutoka kisiwani mpaka bara, na mwenye kisiwa, Mrimba, anapita juu yake kwenda kukaa upande wa pili.

Sijali hapa kama mambo hayo yalitokea hivyo au hayakutokea. Watu wa mji waliotaka kueleza haki yao ya kukaa pale hawakusema, Tulikipata kwa upanga. Walisema, Tulikipata kwa nguo. Hati yao ya kwanza ni kitambaa. Tena habari ya Kiswahili ina jambo la pili ambalo tarikh ya Kiarabu haina: yule mgeni alimwoa binti Mrimba, akazaa naye mtoto wa kiume, na mtoto huyo alipokua Mrimba alimwachia mamlaka, kwa kuwa ni mjukuu wake. Nguo ilimpa baba mahali pa kukaa. Mama ndiye aliyempa mtoto enzi. Yeyote aijuaye nchi iliyo nyuma ya Kilwa na Lindi, nchi ya Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua, ambao kwao ukoo hufuata upande wa mama, atatambua mara moja sauti iliyosema maneno hayo. Nitalirudia jambo hili katika mirathi.

Lugha yetu yashuhudia jambo hilohilo. Tazama majina ya zawadi za ndoa. Anachopewa baba wa binti, au mjomba wake, ni kilemba. Anachopewa mama ni mkaja, ambao asili yake ni nguo ya kujifunga tumbo baada ya kuzaa. Na ubeleko, nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Siku hizi vyote hutolewa kwa fedha, hata hivyo hapana aliyediriki kuviita fedha. Fundi naye hupewa kilemba mwanafunzi akihitimu, na jumbe wa Mrima alipotawazwa alifungwa kilemba mbele ya watu na kutoa gharama zake. Anayesifiwa pasipo haki huvikwa kilemba cha ukoka, maana ukoka hunyauka. Katika maneno yote hayo nguo haifuniki mwili. Yafunga agano, na anayeipokea amepokea mtu pamoja nayo.

Kwa hiyo naona kwamba mrithi wa Sultani hakumfuata fakiri kwa sababu ya uzuri wa kitani. Nguo alizovuliwa mfalme siku ya Ijumaa katika nyumba ya khatibu, baada ya jina lake kutajwa katika hotuba, zilikuwa sehemu ya ufalme. Baba, kwa kuwa ni mfalme, aliweza kuzitoa. Huo ndio ukarimu. Mrithi hakuweza kuziacha zizunguke mjini juu ya kichwa cha mgeni. Huo nao ni wajibu wake. Wote wawili walitenda ipasavyo, na watu wakawasifu.

Lakini watumwa ishirini hawakuulizwa.

Ibn Battuta hakutaja jina la hata mmoja wao wala nchi yake, ila alitupa alama katika ukurasa uleule. Asema kwamba Sultani huyu aliyependa kutoa alipenda pia kuipiga vita nchi ya Zanji. Alikuwa akiwashambulia na kupata mateka, kisha akitenga sehemu ya tano na kuigawa kama sheria ya Kurani inavyoagiza, na fungu la jamaa za Mtume akiliweka katika hazina mbalimbali, masharifu wakija huwapa. Ukarimu na vita vilikuwa mkono wa kuume na wa kushoto wa mtu mmoja. Aliyeandika aliviweka pamoja bila haya, kwa sababu zama zake hazikuona haya katika jambo hilo. Sisi tunaoandika leo hatuna udhuru huo, na hata hivyo vitabu vingi vya shule vimenukuu ukarimu vikaacha vita.

Sitakawia juu ya karne zilizofuata. Wareno walimtoza Amir Ibrahim dhahabu mwaka 1502, wakauteka mji mwaka 1505, wakamweka Muhammad Ankoni na kumvika taji lililokuwa limekusudiwa mfalme wa Cochin. Taji la kuazima, kama majoho mengi ya maarusi wa siku hizi. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa aliafikiana na Mfaransa Morice kumpa watumwa elfu moja kila mwaka, kila mtu kwa piastre 20. Kisha, katika karne ya 19, biashara ilihamia Kilwa Kivinje upande wa bara, chini ya maliwali wa Zanzibar, na sultani wa mwisho wa Kisiwani akachukuliwa Maskati.

Hapa ndipo joho hasa, joho la sufi na zari, linapoingia katika habari zetu. Lilikuja kutoka Maskati na Zanzibar pamoja na maliwali, makadhi na matajiri wa misafara, likawa alama ya mtu mkubwa kutoka Kivinje mpaka Lindi na Mikindani. Na misafara hiyo yote ilikwenda kwa nguo: merikani, iliyoitwa hivyo kwa kuwa ilifumwa Marekani, na kaniki nyeusi ya Uhindi. Mtu aliondoka Kivinje na mizigo ya nguo, akaenda mpaka Ziwa Nyasa, akarudi na pembe na watu. Hesabu za watumwa waliotolewa Kilwa zilipelekwa mbele ya Bunge la Uingereza mwaka 1871: tangu 1862 mpaka 1867 walitolewa watu 97,203, kati yao 76,703 kwenda Zanzibar na 20,500 mahali pengine. Katika mwaka mmoja tu, 1865 hadi 1866, walikuwa 22,344. Hao ni waliopita forodhani.

Sisemi kwamba kila joho lililomo katika kasha la Kivinje au Lindi lilinunuliwa kwa mtu. Yako yaliyonunuliwa kwa sandarusi, kwa pembe, kwa mtama, kwa mshahara wa kadhi. Lakini nguo, pembe na watu vilikuwa mkufu mmoja katika biashara ile, na haiwezekani kushika pete moja bila nyingine kulia. Tena vazi lenyewe lilipata maana kwa wale waliokatazwa. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandiko yake Velten aliyachapisha mwaka 1903, aeleza kwamba mtumwa wa zamani hakuwa na ruhusa ya kuvaa kanzu ndefu ya kufunika miguu, wala kofia mbele ya bwana wake. Joho lilisomeka vizuri kwa sababu aliyesimama kando yake alikuwa nusu uchi. Ndiyo sababu waliopata uhuru waliharakisha kushona kanzu kabla ya jambo jingine. Waungwana wengine walilalamika, lakini walikuwa wamefundisha somo wenyewe.

Sasa mirathi. Sheria ya Kishafii, ambayo Ibn Battuta aliikuta Kilwa na ambayo ipo mpaka leo, haijui kitu kiitwacho vazi la ukoo. Mtu akifa, joho lake ni mali kama mnazi au mashua. Akiacha mke, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike, mali yote hugawiwa mafungu 40: mke matano, kila mtoto mwanamume 14, na binti saba. Sasa mwenye elimu atueleze fungu la saba katika arobaini la joho moja ni mkono au ni ukosi. Joho haligawiki, likikatwa ni matambara yenye zari. Njia ni tatu. Ama liuzwe na fedha zigawiwe. Ama mmoja alitwae na thamani yake ihesabiwe katika fungu lake. Ama warithi wote waridhike likae, na anayelihitaji alivae. Hii ya tatu ndiyo iliyohifadhi majoho mengi, nayo husimama juu ya kuridhiana tu. Wengine huita wakfu, na mafakihi wa Kishafii hawaukatai wakfu wa kitu kinachohamishika ikiwa chatumika bila kuteketea. Lakini wakfu wahitaji kutamkwa, na katika nyumba nyingi hapana aliyeutamka.

Upande wa Mgao shida huzidi. Mtu ambaye mama yake atoka bara, kwa Wamwera au Wamakonde, ana madai mawili juu ya mgongo wake. Kwa sheria ya dini joho la marehemu ni la wanawe na mjane wake. Kwa desturi ya wajomba, jina na cheo cha marehemu humwendea mpwa, mtoto wa dada yake. Je, joho ni mali au ni cheo? Likiwa mali, mtoto hulitwaa. Likiwa cheo, mpwa. Swali hilo ndilo lililofichwa katika hadithi ya Mrimba, ambayo hujibu yote mawili kwa pamoja: nguo za baba, enzi ya mama. Wazee waliomsimulia Velten walikuwa hodari wa sheria kuliko tunavyowahesabu.

Yafaa kutaja tena kwamba joho ni vazi la mwanamume, lakini maisha yake mengi hukaa mikononi mwa wanawake. Hulivaa mwanamume siku ya Idi, siku ya baraza au siku ya arusi. Siku nyingine zote limo ndani ya kasha lenye misumari ya shaba, na ufunguo uko kwa bibi. Sufi huliwa na nondo. Bila kafuri, bila kulianua kivulini baada ya masika na kulifukiza udi, hapana joho lililofikia wajukuu. Bibi huyo ndiye ajuaye pia liliazimwa na nani, likarudi na doa gani. Mtafiti anayeuliza habari za joho na kumtafuta mwenye nyumba barazani amebisha mlango usio wake.

Mambo yaliyolitegemeza joho yaliondoka kidogo kidogo. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1876 Barghash alipiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu, ambayo ilikuwa ikitoka Kilwa kwenda kaskazini kwa miguu. Wadachi waliziteka Kilwa na Lindi mwezi Mei 1890. Mwaka 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waliong'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kuilima, na Vita vya Majimaji vikaanza. Pamba iliyosokotwa Kisiwani kwa hiari karne nyingi ilikuwa imegeuka kuwa kazi ya shokoa. Utumwa wenyewe ulifutwa Tanganyika kwa sheria ya mwaka 1922. Maliwali waliendelea kuvaa joho katika mabaraza ya Waingereza, mpaka utawala wa kienyeji wa namna hiyo nao ukafikia mwisho baada ya uhuru wa 1961. Arusi ndiyo iliyobaki. Huko joho halisemi tena ya nani. Humpamba kijana kwa usiku mmoja, na mara nyingi ni la kukodi.

Imebaki habari ya yule kijana wa Kilwa aliyezikomboa nguo za baba yake. Ibn Battuta amemwita mrithi. Hata hivyo aeleza mara tu baadaye kwamba Sultani alipofariki, aliyekalia kiti ni Daudi, ndugu wa marehemu. Na Daudi alikuwa kinyume cha nduguye. Mwombaji akimjia humwambia kwamba aliyekuwa akitoa amekufa, wala hakuacha kitu cha kutolewa. Wageni walikaa mlangoni kwake miezi mingi, naye akiwapa kitu kidogo sana, hata waombaji wakaacha kuja. Basi nguo zilibaki kwa mtoto, na kiti kwa ami yake.